Jumuiya Pana au Kikundi cha Historia Hai? Ulinganisho kwa Anayetaka Kuiga Zama za Kati kwa Uhalisi

Mtu anayejiandaa kwa mara ya kwanza kuvaa kama mkulima wa Uingereza wa mwaka 1050, au kama fundi wa Burgundy wa mwaka 1470, hufikia mapema uamuzi mdogo unaoonekana hauna uzito: mshono wa ndani ya kwapa la kanzu yake, ambao hakuna atakayeuona, aupitishe kwenye cherehani au aushone kwa mkono? Cherehani ni chombo cha karne ya 19. Wapo wazoefu watakaomwambia kwamba haina neno, na wapo watakaomwambia kwamba kwapa hilo ndilo mwanzo wa uongo wote utakaofuata. Wazoefu hao wanasoma maandishi yaleyale, wananunua kitani kwa wauzaji walewale, na mara nyingi ni marafiki. Tofauti yao inatokana na mila mbili ambazo zimekua kila moja kwa njia yake, na anayeingia bila kuzijua anaweza kupoteza fedha nyingi na misimu miwili ya kiangazi mahali pasipomfaa.

Mila ya kwanza ni ya jumuiya pana, na mfano wake mkubwa ni Society for Creative Anachronism, ambayo wengi huiita SCA kwa ufupi. Mila ya pili ni ya vikundi vya historia hai, ambavyo huchagua kipindi kimoja na eneo moja, kisha hujibana humo: Regia Anglorum ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1986, huonyesha maisha ya Waanglo-Saksoni, Waviking na Wanormani, na wanachama wake wamejijengea ukumbi mrefu wa mbao huko Kent unaoitwa Wychurst; nayo Company of Saynt George, iliyozaliwa Uswisi, huonyesha kikosi cha wanajeshi wa nusu ya pili ya karne ya 15 pamoja na wake zao, mafundi wao na wapishi wao. Yapo pia masoko ya maonyesho ambako watu huvaa mabawa ya malaika juu ya viatu vya mazoezi, na ipo michezo ya kupigana kwa deraya za chuma ambayo kwa kweli ni riadha. Hayo sitayagusa, kwa sababu mwenye kuyachagua hasumbuliwi na swali la uhalisi.

Nitalinganisha mila hizi mbili kwa kipimo kimoja, nacho ni hiki: uhalisi ni deni, na kila deni lina mdai. Anayetaka kuchagua ajiulize kwanza nani atakayepotoshwa iwapo vazi lake au maneno yake yatakuwa na kosa.

Chanzo cha kila mila

SCA ilianza tarehe 1 Mei 1966 kwenye ua wa nyuma wa nyumba moja mjini Berkeley, California, ambako marafiki waliopenda hadithi na historia walifanya mashindano ya mapanga na karamu. Jina lilitungwa walipohitaji kibali cha kutumia bustani ya umma na karani akataka kujua ni kundi gani linaloomba. Jina hilo, ambalo kwa Kiswahili ni kama Jumuiya ya Uchanganyaji Nyakati wa Kibunifu, linakiri wazi kwamba wanaolitumia wanachanganya nyakati, tena kwa kusudi. Jumuiya hiyo sasa imegawanyika katika falme, na ufalme wa Ulaya, uitwao Drachenwald, unahesabu hata Afrika kuwa sehemu ya eneo lake. Mfalme hupatikana kwa mashindano ya silaha, hutawala kwa miezi michache, kisha humpisha mshindi mwingine. Hakuna ufalme wowote wa Ulaya ya Zama za Kati uliowahi kupokezana taji kwa namna hiyo. Kwa maneno mengine, msingi wenyewe wa jumuiya ni ndoto, na uhalisi unaotafutwa ndani yake ni wa vitu, wa ufundi na wa adabu, wala hauhusu mpangilio wa mambo kwa jumla.

Vikundi vya historia hai vina chanzo kingine. Vingi vilikua karibu na makumbusho, magofu ya ngome na viwanja vya vita, na vingi hualikwa kufanya maonyesho mbele ya umma, pengine kwa malipo yanayoingia katika mfuko wa kikundi. Familia hununua tiketi, mtoto wa miaka minane husogea kwenye moto wenu, huuliza kwa nini chungu hakina kifuniko, na jibu utakalompa ataondoka nalo akiamini ndivyo ilivyokuwa mwaka 1066. Huyo mtoto ndiye mdai. Katika kambi ya SCA watazamaji ni wachache au hawapo kabisa, kwa kuwa kila aliyepo amevaa na anashiriki. Anayedai ni mwenzako, naye anajua fika kwamba wewe ni mhasibu wa Ohio uliyejipa jina la Kinormani.

Tofauti hii ya mdai ndiyo inayoeleza karibu kila sharti utakalokutana nalo. Masharti ya kikundi cha historia hai huwaudhi watu wanaoyatazama kama majivuno, na ulegevu wa SCA huwaudhi wanaoutazama kama uvivu. Nadhani pande zote mbili zinakosea kwa sababu kila moja inahukumu kwa deni lisilo la mwenzake.

Mavazi

Sharti la SCA kuhusu mavazi ni jepesi: aingiaye kwenye shughuli yake avae kitu kinachoonyesha kwamba amejaribu kuvaa mavazi ya kabla ya karne ya 17. Neno muhimu ni kujaribu. Kanzu ya pamba iliyoshonwa kwa cherehani usiku mmoja inatosha, na matawi mengi yana sanduku la nguo za kuazima kwa ajili ya wageni. Pale husikika sana kanuni ya futi kumi, yaani kama vazi linaonekana sahihi kwa mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwako, basi limepita. Hata hivyo ingekuwa makosa kudhani kwamba wote huishia hapo. SCA ina daraja ya heshima iitwayo Laurel, ambayo hutolewa kwa mabingwa wa sanaa na elimu, na wapo ndani yake watu wanaosokota sufu kwa pia ya mkono, wakaipaka rangi kwa mimea na kuifuma wenyewe kabla hata ya kuanza kukata nguo. Kwa hiyo upana wa jumuiya ni wa pande zote: sakafu yake iko chini sana, na dari yake iko juu kama ya kikundi chochote kingine.

Kikundi cha historia hai huinua sakafu. Huwa kuna mwanachama aliyepewa kazi ya kukagua mavazi na vifaa, naye huuliza swali moja kwa kila kitu: ushahidi wake uko wapi? Kitani au sufu, ndiyo. Pamba tupu kwa mkulima wa Kiingereza wa karne ya 11, hapana. Soksi zilizofumwa kwa sindano mbili hukataliwa katika kambi ya Waviking, kwa sababu soksi ya karne ya 10 iliyofukuliwa Coppergate, mjini York, ilitengenezwa kwa mbinu ya kuunga uzi kwa sindano moja yenye tundu. Matundu ya kamba yaliyovikwa pete za chuma, ambayo fundi wa kisasa huyapiga kwa nyundo bila kufikiri, ni ya karne ya 19. Viatu viwe vya ngozi, vilivyoshonwa kwa ndani kisha vikageuzwa, visivyo na visigino, kwa kuwa visigino havikuenea Ulaya hadi mwishoni mwa karne ya 16.

Ushahidi huo hautoki hewani, na hapa ndipo uraibu huu unaponoga kwangu. Mwaka 1921 mwanaakiolojia Poul Nørlund alifukua makaburi ya Herjolfsnes huko Greenland, ambako udongo ulioganda ulikuwa umehifadhi nguo za sufu ambazo wakazi wa asili ya Norwei walizikwa nazo. Mwaka 1936 mwili wa mwanamume wa karne ya 14 uliopatikana kwenye kinamasi cha Bocksten, Sweden, ulikuwa na kanzu, joho, kofia ya kufunika shingo na soksi ndefu za kitambaa. Kutoka Viborg, Denmark, kuna shati la kitani la karne ya 11. Kutoka Ufaransa kuna koti lililotiwa pamba ndani la Charles wa Blois, aliyeuawa mwaka 1364 katika vita vya Auray. Ukizihesabu, nguo kamili zilizobaki ni chache mno kulinganisha na mamilioni ya watu walioishi, na ndiyo maana mshonaji makini hulazimika kuziweka pamoja na sanamu, michoro ya vitabu na orodha za mali za marehemu kabla ya kukata kitambaa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna faraja ambayo Wazungu wengi hawanayo. Kanzu ya Ulaya ya karne za kati hukatwa karibu sawa na kanzu ya pwani yetu: badani mbele na nyuma, mikono iliyonyooka, vikwapa vya mraba chini ya mikono ili nguo isichanike, na taharizi za pembetatu ubavuni ili mwendo usibanwe. Sababu ni ileile, kwamba kitambaa kilichofumwa kwa mkono ni ghali na fundi hataki kipande kitupwe. Anayeanza huko Ulaya hujifunza maneno haya kama mambo mageni na huhitaji michoro kuelewa kikwapa kinaingia wapi. Fundi wa kanzu wa Zanzibar au Lamu angeitazama kanzu ya Herjolfsnes na kushangaa tu wingi wa taharizi zake.

Kwa upande wa mavazi, basi, uamuzi uko hivi. Ukitaka kukua hatua kwa hatua, uanze na kanzu mbaya ya mwaka wa kwanza na umalize na nzuri ya mwaka wa tano bila kuaibishwa, jumuiya pana itakufaa zaidi. Ukiwa mtu wa kupoteza hamu pale mwenzako anapoketi karibu nawe akiwa na saa mkononi, nenda kwenye kikundi kinachokagua. Na popote uendapo, usihangaike na mapambo ya dhahabu kabla ya viatu na kitu cha kichwani. Mtu aliyevaa kanzu ya kawaida ya sufu, viatu sahihi na kofia sahihi ya kitani anaaminika kuliko aliyevaa joho la mahameli na buti za pikipiki huku kichwa kikiwa kitupu, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Jambo la miwani limeleta maneno mengi kuliko linavyostahili. Miwani ilijulikana Italia mwishoni mwa karne ya 13, lakini ilikuwa ya kushikwa au kubanwa puani, bila mikono ya kupita masikioni. Katika SCA karibu kila mtu huvaa miwani yake ya kila siku na hakuna anayeiona; katika vikundi vikali utaombwa uvae lenzi za machoni au uivue umma unapokuwepo. Asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo aulize mapema, maana vikundi hutofautiana, na afya ya macho si mahali pa kuonyesha ushujaa.

Silaha na mapigano

Hapa ulinganisho unageuka, kwa sababu uhalisi wenyewe unagawanyika vipande viwili visivyokaa pamoja. Wapiganaji wa SCA hutumia fito za henzerani zenye unene usiopungua inchi moja na robo, yaani takribani sentimita 3.2, zilizoviringishiwa utepe wa kunata. Henzerani huchaguliwa kwa kuwa ikichoka hufumuka nyuzi, haivunjiki kwa ncha kali. Mapigo ni ya nguvu na hayajapangwa. Chapeo lazima iwe ya chuma kinene, na koo, magoti, viwiko, viganja na figo lazima vikingwe. Aliyepigwa ndiye anayeamua kwa heshima yake kama pigo lilitosha kumuua au kumkata mguu, na aliyepoteza mguu huendelea kupigana akiwa amepiga magoti. Ukitazama kutoka mbali unaona vijiti vya rangi ya fedha, na baadhi ya deraya zina plastiki iliyofichwa chini ya kitambaa. Lakini aliye ndani ya chapeo anajua kitu ambacho michoro haisemi: jasho linavyoziba macho, jinsi ukuta wa ngao unavyobomoka kutoka ubavuni, na jinsi mtu asivyoona chochote chini ya kidevu chake. Kwenye Pennsic, mkutano wa SCA ulioanza mwaka 1972, unaofanyika Pennsylvania na kudumu kama wiki mbili, watu wapatao 10,000 hukusanyika, na vita vya uwanjani vinahusisha mamia kwa mamia.

Kikundi cha historia hai hutumia chuma butu kilichoviringwa kingo. Mwonekano ni sahihi: upanga wa kilo moja na kitu, mkuki, ngao ya mbao, fulana ya pete za chuma zilizofungwa kwa ribiti moja moja kama zilivyokuwa zamani. Ila chuma huvunja mifupa, kwa hiyo mapigo huzuiliwa, sehemu za mwili zinazoruhusiwa kupigwa huwekewa mipaka, na mara nyingi mwisho wa vita unajulikana kabla haujaanza, maana Mfalme Harold, aliyeuawa katika vita vya Hastings mwaka 1066, lazima afe hapo kila mwaka. Mtazamaji anaona picha ya kweli. Mpiganaji anajua kwamba anacheza.

Basi kipi halisi zaidi? Anayejali macho atajibu chuma, na anayejali mwili atajibu henzerani, nami sioni njia ya kuwapatanisha. Aliye na hamu ya mbinu zenyewe za mapanga ana njia ya tatu, ya vyama vinavyosoma vitabu vya mabwana wa silaha: hati iitwayo I.33, iliyohifadhiwa Leeds, inayofundisha upanga na ngao ndogo, na kazi ya Fiore dei Liberi, bwana wa silaha wa Italia, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Huko watu hufanya mazoezi wakiwa na suruali za michezo na vinyago vya waya, na hawaoni aibu.

Tofauti moja ya kijamii isipuuzwe. Katika SCA wanawake hupigana wakiwa wanawake, kwa majina yao na heshima yao. Baadhi ya vikundi vya historia hai huwaruhusu kupigana mbele ya umma kwa sharti la kuvaa na kuonekana kama wanaume. Sharti hilo linaeleweka kwa mantiki ya deni kwa mtazamaji. Kama unaweza kuishi nalo ni swali la nafsi yako, na ni vema ulijibu kabla ya kulipia deraya.

Chakula na kambi

Karamu za SCA hupikwa kwa viwango vinavyopishana sana. Mpishi makini hufuata mapishi ya vitabu vya karne ya 14, na mwingine hutoa kuku na viazi. Viazi, nyanya, mahindi, pilipili kali na bata mzinga vyote vilitoka Amerika baada ya mwaka 1492, na kosa hilo ndilo linalofanywa na wengi zaidi, labda kwa kuwa ni vigumu kwa mtu wa leo kuamini kwamba Waitaliano waliishi bila nyanya. Sisi tusicheke: ugali wa mahindi na mihogo ni wageni wa bahari hiyohiyo. Na Mzanzibari asijivunie karafuu anapozikuta katika mchuzi wa mfalme wa Uingereza wa mwaka 1390, maana hizo zilitoka visiwa vya Maluku. Mikarafuu ilifika Zanzibar karne ya 19.

Katika historia hai chungu huwa juu ya moto mchana kutwa, na ndani yake kuna shayiri, vitunguu, kabichi na kipande cha nyama ya chumvi. Si chakula cha kusifiwa. Chupa za plastiki huingizwa kwenye sanduku la mbao au hufunikwa kwa gunia pale geti linapofunguliwa, na hutolewa jioni umma ukiondoka. Katika kambi kubwa za SCA mahema ya kisasa huvumiliwa pembeni mwa mahema ya turubai, na usiku unaweza kusikia ngoma na mazungumzo kuhusu kompyuta kutoka hema moja.

Anayeonekana kuwa mgeni

Msomaji wa Kiafrika atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama uhalisi hautatumiwa kumfungia mlango. Ushahidi wenyewe uko upande wake. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Mtakatifu Maurisi ya katikati ya karne ya 13, iliyochongwa kwa sura isiyo na shaka ya Mwafrika mweusi, amevaa fulana ya pete za chuma na juu yake koti lenye mabamba. Watengenezaji wa deraya huisoma sanamu hiyo kwa makini, kwa kuwa ni miongoni mwa ushahidi wa mapema wa koti la namna hiyo. Wanaohesabu ribiti zake wanahesabu kifuani mwa mtu mweusi. Mwaka 1511 mpiga tarumbeta John Blanke alichorwa, mweusi na mwenye kilemba, katika msafara wa mashindano ya Henry VIII. Kikundi kinachovumilia miwani ya kisasa na meno ya bandia lakini kikaanza kuuliza maswali juu ya ngozi hakishughuliki na uhalisi, na dawa yake ni kuondoka.

SCA inakuruhusu pia kuacha Ulaya kabisa na kujitungia nafsi ya mtu wa nje, mathalani mfanyabiashara wa Kilwa wa mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita pwani yetu. Wazo hili linavutia, na ndilo gumu kuliko yote. Kilwa ina majumba ya mawe ya matumbawe, ina sarafu za shaba za masultani, ina vigae vya vyombo vya China na Uajemi, na ina vigurudumu vya udongo vinavyothibitisha kwamba watu walisokota pamba. Lakini nguo yenyewe haikubaki. Ibn Battuta alieleza mavazi ya mtawala wa Mogadishu, yenye hariri na vitambaa vya Misri, ila huyo alikuwa mtawala, tena wa mji mwingine. Ukivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua vya Zanzibar ya leo, utakuwa unavaa mambo ya karne za karibuni, na katika uwanja mzima wa Pennsylvania hatakuwepo mtu wa kukusahihisha. Kwa kipimo cha deni, hapo deni lako ni kubwa kuliko la Mwingereza anayevaa Kiingereza, kwa sababu pengine wewe ndiye utakayekuwa Mswahili pekee ambaye watu wale watawahi kumwona. Kikundi cha historia hai kinachoonyesha kijiji cha Kisaksoni hakina nafasi ya mtu huyo, isipokuwa ushahidi wa kumweka mahali hapo upatikane.

Gharama na muda

Kwa fedha, SCA ni rahisi kuingia na inaweza kuwa ghali kukaa, kwa sababu hakuna anayekuambia uishie wapi. Watu huanza na kanzu ya kuazima na miaka sita baadaye wana hema la vyumba viwili. Historia hai ni ghali mwanzoni, kwa kuwa sufu nzuri na viatu vya mkono lazima vije kabla ya kuruhusiwa uwanjani, kisha hutulia, maana mkulima wa mwaka 1050 hakuwa na vitu vingi. Fulana ya pete zilizofungwa kwa ribiti, yenye makumi ya maelfu ya pete, ina uzito wa karibu kilo kumi na bei inayolingana na uzito huo. Usiinunue katika mwaka wa kwanza popote pale. Vikundi vingi vitakuweka nyuma na mkuki na ngao, na mkuki ndio silaha ambayo watu wengi wa zamani walikuwa nayo.

Kwa muda, mwenye watoto wadogo na mwisho wa juma mmoja tu huru kwa mwezi atapumua vizuri zaidi katika jumuiya pana, ambako anaweza kutoweka msimu mzima na akarudi akapokelewa. Kikundi kidogo cha watu ishirini walioahidi onyesho kwa makumbusho huwategemea wote ishirini.

Mimi ningechagua hivi. Anayependa watu kwanza na vitu baadaye aende SCA, na akifika huko atafute wale wenye Laurel, aketi karibu nao na ajifunze. Dari ile ya juu iko wazi kwake bila kulazimishwa. Anayependa kumweleza mgeni jambo na kuwa na hakika nalo, ambaye anaona raha katika kusema kwamba hapa hatuna ushahidi, aende kwenye historia hai. Anayependa kupigwa aende SCA pia. Asiyejua anachopenda aende akatazame vyote viwili akiwa ameazima nguo, na akiwa huko amwombe mtu yeyote amweleze alichovaa: akisimuliwa kaburi, sanamu au mchoro ulioigwa, yuko mahali pazuri bila kujali bendera ya nani inapepea; akijibiwa kwamba ndivyo kikundi kinavyovaa, aendelee kutembea.

Wakati huohuo kuna kitu kimoja ambacho hakitapotea hata ukibadili nia. Nunua mita tatu au nne za kitani kisichotiwa rangi, kioshe mara mbili kabla ya kukata ili kirudi mapema, na ushone kanzu ya ndani, badani mbili, mikono miwili, taharizi na vikwapa. Itakubalika katika uwanja wa Pennsylvania na katika ukumbi wa Kent pia. Mishono mirefu ya ubavuni waweza kuifanya kwa cherehani ikiwa bado hujaamua, na kuirudia baadaye. Vikwapa vishone kwa mkono tangu mwanzo, kwa kuwa kila kimoja ni mraba wa sentimita kama 15, na cherehani kwenye pembe za kikwapa husumbua kuliko sindano.